Mafuta ya Nazi Ndani ya Bomba la Shafti

Iko asubuhi moja ya mwezi wa saba ambayo kila nikiikumbuka natamani kumzaba mtu kibao, na mtu mwenyewe ni mimi. Nilikuwa kidato cha pili, nina boti mkononi, na nilikuwa najiona mjanja kuliko shule nzima.

Mwanangu, usinitolee macho. Najua nimekupita miaka mitatu tu, na ndevu zangu unaweza kuzihesabu ukiwa mbali. Lakini katika shule hii mtu wa kidato cha nne ni mzee, na leo mzee huyu ana neno. Wazee wa kweli wana subira, mimi sina. Nina mtihani karibu na nina hasira, na hasira hiyo mmeniletea nyinyi wa kidato cha kwanza.

Jana katika karakana mmoja wenu alivunja ubapa wa msumeno wa chuma. Hilo si kosa. Ubapa huvunjika, mimi mwenyewe nimevunja saba. Mwalimu Charo akauliza ni nani. Yule aliyevunja, ambaye namjua na yeye anajua kwamba namjua, akamwonyesha kidole mwenzake wa Lungalunga akasema, "Ni huyu, mwalimu. Kwao hukata chuma kwa meno, msumeno ameuona leo." Mkacheka nyote. Mwalimu naye akacheka. Yule wa Lungalunga akafagia karakana peke yake, nyinyi mkaenda kula maharagwe.

Mimi sikula. Nimeandika karatasi hii, nimeibandika juu ya sanduku la matupa, na hakuna atakayegusa tupa hata moja kabla hajaisoma mpaka chini. Mimi ndiye kiranja wa karakana. Asiyetaka kusoma aende akalime.

Sasa sikiliza.

Nilikuwa na mwenzangu aitwaye Mangale. Unamjua: yule mrefu wa darasa la kilimo anayemwamkia kila mtu, hata mpishi akiwa amekasirika. Kwao ni Samburu ya Kinango, pale kwenye barabara kuu ya Nairobi, malori yanaposimama na mbuzi wanavuka wakitaka wao. Alipoletwa hapa bweni alikuwa hajawahi kuiona bahari. Mimi nami si mtu wa pwani. Baba alitoka Machakos kuja kupika katika hoteli moja huko Diani, na tulikuwa tumepanga vyumba viwili Ukunda katika nyumba ya Bi Mwanahamisi, mama wa Kidigo mwenye maneno machache na masikio makali. Basi wawili tusiojua bahari wala mnazi ndio tuliokaa tukaamua kutengeneza boti ya kuendeshwa kwa rimoti. Hapo cheka. Nakuruhusu.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanafunzi akimaliza kidato cha pili alichagua: ufundi wa vyuma au kilimo. Karibu kila mvulana alitaka vyuma. Lakini jiliwa za kubania chuma karakanani zilikuwa kumi na mbili, hizi hizi unazoziona zimefungwa kwenye meza, na Mwalimu Charo alichukua wanafunzi kumi na wawili, si zaidi. Mwaka wetu akasema hataangalia alama. Atatupanga wawili wawili, kila wawili watengeneze kitu kinachojiendesha, na kila mmoja aandike kwa jina lake sehemu aliyoitengeneza yeye. Sehemu yako ikifanya kazi umeingia. Ikigoma, jembe lipo.

Mimi nilitaka vyuma kwa sababu sikutaka jembe. Sababu yangu ilikuwa hiyo tu, na naona haya kuiandika. Mangale alikuwa na sababu nyingine. Kijijini kwao kulikuwa na pampu ya kisima iliyokufa tangu yeye yuko darasa la saba. Fundi alitakiwa atoke Mombasa, na fundi wa Mombasa alikuja alipopenda, na hakupenda. Mama yake alikuwa akienda kuteka maji mahali ambapo akitoka asubuhi hurudi adhuhuri.

"Ile pampu ni shafti tu," aliniambia Mangale siku ya kwanza tulipokaa meza moja. "Shafti na mipira yake. Mtu akinifundisha miaka miwili, mimi siiti fundi tena."

Nikamwambia, "Na ukishaitengeneza, mbuzi wako watakulipa kwa mavi?"

Akacheka kwa adabu. Nami nikadhani nimesema jambo.

Rimoti tuliipata hotelini. Mwaka ule wageni walikuwa wamepungua mpaka wahudumu walikuwa wengi kuliko wazungu, na mtoto mmoja wa Kijerumani aliacha gari lake la kuchezea lililovunjika magurudumu. Baba akaniletea. Ndani yake mlikuwa na kila kitu: mota, sanduku dogo la redio, na kile kimkono cha kugeuza magurudumu kushoto na kulia. Tukagawana kazi. Mangale akachukua shafti, ule uti wa chuma unaozungusha propela, na propela yenyewe, mimi nikachukua usukani na waya wake. Tukaandika majina.

Mwanangu, ungemwona yule kijana akitengeneza shafti. Alichukua spoku ya baiskeli, akaikata, kisha akaanza kuinyoosha. Wewe ukinyoosha spoku unaitazama kwa jicho moja, unasema imenyooka. Yeye aliilaza juu ya kioo cha dirisha, akaiviringisha kwa kidole polepole, sikio karibu na kioo. Spoku iliyopinda hugonga kioo, tik, tik. Aligonga pale palipopinda kwa nyundo ndogo, akaviringisha tena, akasikiliza tena. Siku nne. Siku ya nne ile spoku ilipita juu ya kioo kimya kabisa, kama haipo.

Bomba la kupitishia shafti alilitoa kwenye eriali ya redio mbovu. Kila mwisho akatia kipete cha shaba ili spoku isicheze, na katikati akaacha nafasi ya kujazwa grisi. Grisi hiyo, kwa wewe usiyejua, ina kazi mbili: inalainisha shafti na inazuia maji yasipande kuingia botini. Propela akaikata kwenye mkebe wa maziwa ya unga, mapanga matatu, akayapinda sawasawa na kuyalehemu. Shafti na mota akaziunganisha kwa kipande cha mpira wa valvu ya baiskeli. Kila kitu chake kilikuwa kidogo na safi.

Na mimi? Sikufanya vibaya. Mara ya kwanza nilifunga waya upande usiofaa wa usukani, ukibonyeza kushoto boti inataka kulia. Nikaufungua, nikauhamisha, nikakunja ncha zake vizuri zisichomoke. Ukibonyeza, usukani unaitika. Nilijisifu shule nzima.

Ikabaki grisi.

Mangale alikuwa bweni, hawezi kutoka. Mimi nilikuwa wa kwenda na kurudi, kwa hiyo akanipa boti na kifuniko cha chupa, akaniambia, "Pitia kwa fundi baiskeli pale njia panda, muombe grisi ya kujaza hiki tu. Ujaze bomba mpaka itokee upande wa pili."

Jambo dogo. Lakini yule fundi baiskeli, mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimesimama mbele ya wateja wake nikasema kwamba baiskeli huingia kwake kwa miguu yake na kutoka imebebwa. Watu wakacheka mpaka mteja mmoja akaondoka na baiskeli yake. Fundi akaapa akiniona tena ataipaka grisi mdomoni mwangu. Unaona? Mzaha wangu wa kwanza ulikuwa umeshanifungia njia, na mimi sikuona.

Sikwenda. Nilifika nyumbani alasiri, jua kali, nikaona chupa ya Bi Mwanahamisi dirishani. Mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, meupe kama maji, mepesi. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Nikajaza bomba. Nikazungusha propela kwa kidole, ikazunguka kama imefurahi. Kwetu Machakos hatujui mafuta ya nazi. Kwa kina Mangale hayajulikani. Msichana yeyote wa Ukunda wa miaka sita angenicheka kwa kosa lile, lakini sikumuuliza msichana wa miaka sita.

Kesho yake Mangale akaitazama boti, akafuta ncha ya shafti kwa kidole.

"Umetia grisi?"

"Nimejaza mpaka imemwagika."

"Mbona haina rangi?"

"Ni ya hoteli," nikasema. "Wazungu grisi yao haina rangi. Ya rangi ni ya maskini kama nyinyi."

Akanitazama. Akatazama kidole chake. Kisha akaniamini, kwa sababu nilikuwa mwenzake. Hapo ndipo napataka uweke alama, mwanangu. Uvivu ungesameheka. Hapa nilisema uongo, nikaupaka mzaha juu yake ili usionekane.

Mwalimu Charo alikuwa ameomba bwawa la kuogelea la ile hoteli kwa ajili ya boti yetu. Meneja alikubali kwa sharti moja: tuje saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tuondoke kabla wageni wake wachache hawajaamka kunywa chai. Boti niliipeleka mimi jioni, ikalala pale nje kwenye sakafu ya saruji kando ya bwawa. Na ilikuwa mwezi wa saba. Unajua asubuhi za mwezi wa saba hapa, upepo wa kusi unavuma, walinzi wamejifunika makoti kama wako Limuru.

Tulifika darasa zima, tunatetemeka. Mangale akaiweka boti majini kwa mikono miwili. Mwalimu akasimama na daftari lake.

"Haya, Mutua. Usukani kwanza."

Nikabonyeza kushoto. Usukani ukaenda kushoto. Kulia, kulia. Mwalimu akaandika.

"Sasa mwendo."

Nikabonyeza. Mota ikanguruma, ule mpira wa valvu ukajisokota kama nguo inayokamuliwa, propela ikatikisika kidogo, ikasimama. Nikabonyeza tena. Mota ikalia. Boti ikabaki palepale, usukani wake ukitikisika huku na huku.

Mwalimu akapiga magoti, akaitoa boti, akaishika propela kwa vidole kuizungusha. Ilikuwa ngumu.

"Imepinda," akasema. "Mangale, bomba lako limepinda."

"Halijapinda, mwalimu. Naomba nilifungue tuangalie."

"Muda hakuna. Wageni wataamka."

Mangale akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri, ameinua kile kidole alichofutia shafti siku ile. "Mutua," akasema, "ile grisi..."

Nilijua neno linalofuata. Na darasa lote linatutazama. Nikasema kwa sauti kubwa, "Mwalimu, Mangale hakutengeneza boti. Ametengeneza mbuzi wa kwao. Mkia unacheza, lakini mpaka achapwe ndio atembee."

Walicheka, mwanangu. Walicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Mwalimu Charo alijaribu kujizuia, akashindwa, akaandika kitu daftarini huku mabega yanamtikisika. Mangale akakishusha kile kidole. Hakulimalizia lile swali. Lingemalizwa vipi? Kicheko kilikuwa kimeshajaa.

Unajiuliza kwa nini ninakunja uso nikisikia mnacheka karakanani. Ni kwa sababu ninakijua kicheko cha namna hiyo. Mimi ni fundi wake.

Kesho yake adhuhuri Mangale alikwenda kuitazama boti kwenye rafu ya karakana, jua linapopiga kupitia dirishani. Akaigusa propela. Ikazunguka kama upepo. Akaibeba mbio mpaka ofisini kwa mwalimu, nami nilikuwa mlangoni nikasikia kila neno.

"Mwalimu, tazama. Inazunguka. Haikupinda."

Mwalimu akaizungusha kwa kidole. "Jana haikuzunguka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Leo inazunguka."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi umeinyoosha. Mangale, kushindwa si vibaya. Lakini kunifanya mimi mjinga ni vibaya. Rudisha boti mahali pake."

Akatoka. Akanipita. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta kama mtu anayesubiri chai.

Alhamisi asubuhi Bi Mwanahamisi akaniita uani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mafuta yangu nani kayapunguza?"

Nikamwambia ni mimi, kwa kazi ya shule, na kwa kuwa nilitaka asikasirike nikamsimulia kisa chote kwa vichekesho. Nikamwigizia boti, nikamwigizia mota inavyolia. Nilipofika kwenye mbuzi na mkia wake nikasubiri acheke.

Hakucheka. Aliingia ndani akatoka na ile chupa, akaigeuza chini juu mbele ya uso wangu. Hakuna kilichomwagika. Mafuta yalikuwa yameganda, meupe, magumu kama mshumaa.

"Unayaona?" akasema. "Mwezi huu kila asubuhi huwa hivi. Wanangu nilikuwa nikiwapaka nywele, kwanza naianika chupa juani. Likipanda jua yanarudi kuwa maji. Mtoto wa watu umemtilia haya ndani ya chuma, ukayalaza nje kwenye baridi, kisha ukasema chuma chake kimepinda."

"Sikujua, bibi."

"Kuhusu mafuta hukujua. Nakubali, wewe ni mtu wa bara. Lakini kwamba si grisi, hilo ulijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Alipotaka kuuliza, ulijua anauliza nini?"

Nikatazama miguu yangu.

"Mimi nilidhani nimempangisha mpishi na mkewe na mtoto wao mcheshi," akasema Bi Mwanahamisi, wala hakupandisha sauti. "Kumbe wewe si mcheshi. Mcheshi huchekesha watu wote na yule mmoja akiwemo. Wewe unampiga mtu mbele za watu na watu wanakushangilia. Orodha inatoka lini?"

"Kesho."

"Basi nenda leo. Leo hii, kabla hujakaa darasani. Leo neno moja linatosha. Kesho sijui yatahitajika mangapi."

Nilikwenda. Nakuapia nilitoka nyumbani nikiwa na neno hilo mdomoni. Nikafika getini, vijana wanne wa kidato cha tatu wakanizunguka. "Mutua, hebu tuambie ile ya mbuzi. Hawa hawajaisikia." Ilikuwa mara ya kwanza watu wa kidato cha tatu kuniita kwa jina.

Nikawaambia ile ya mbuzi. Nikaongeza na sauti ya mbuzi.

Kisha kengele ikalia, nikajiambia mapumziko nitakwenda. Mapumziko nikaambiwa mwalimu yuko stafu, chumba cha walimu. Jioni nikajiambia labda Mangale ataingia tu, mwalimu ana huruma. Hata sasa nikiandika haya nauma meno. Siku nzima ilikuwa yangu, mlango wa ofisi hatua ishirini kutoka darasani kwetu, na mimi nilikuwa na kila kitu cha kusema isipokuwa kile kimoja.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Majina kumi na mawili. Langu la tano. La Mangale halikuwepo. Alisoma tangu juu hadi chini, akasoma tena, akaenda zake.

Ndipo nikaenda ofisini. Nikaeleza yote: fundi baiskeli, chupa, grisi ya hoteli, mbuzi. Mwalimu Charo alinisikiliza huku uso wake unabadilika rangi. Alipoinuka nikajua nachapwa. Hakunichapa. Alisimama dirishani amenipa mgongo, akasema, "Nilimwita yule mtoto mwongo. Hapa hapa." Kisha akakaa tena.

"Jiliwa ni kumi na mbili," akasema. "Orodha imeshapelekwa kwa mwalimu mkuu. Nikimwingiza Mangale, mmoja atatoka. Wale kumi na mmoja wengine hawana kosa. Wewe unalo, lakini sitakutoa mimi. Nikikutoa leo kwa sababu umesema kweli, mwingine kesho hatasema. Ila mwenyewe unaweza kujitoa."

Akaichukua orodha nyingine, ile ya kwake, akaiweka mezani na kalamu juu yake.

"Kata jina lako, andika lake, nami nitampelekea mwalimu mkuu sasa hivi. Nakupa mpaka kengele ya kwenda nyumbani."

Akatoka akaniacha peke yangu.

Mwanangu, hapa ndipo hadithi za wazee huwa nzuri. Mzee hukwambia alichukua ile kalamu, akakata jina lake, akatoka akiwa mtu mpya. Mimi sitakudanganya, nimedanganya vya kutosha. Nilichukua kalamu. Nililitazama jina langu. Nikafikiri baba ameshawaambia wapishi wote kwamba mwanawe atakuwa fundi. Nikafikiri jembe. Nikafikiri vile vijana watakavyocheka, safari hii wakinicheka mimi. Nilikaa pale karibu saa nzima. Kengele ikalia. Nikairudisha kalamu mahali pake, taratibu, kama kitu cha watu, nikatoka.

Mwalimu alikuwa kwenye veranda. Aliingia, akaangalia karatasi, akafunga mlango.

Nilimkuta Mangale nyuma ya bweni anafua shati. Nikamweleza yote niliyomweleza mwalimu.

"Tangu pale bwawani nilijua si grisi," akasema. "Kilichokuwa ndani ndicho sikukijua. Sasa nimejua."

"Nisamehe."

Akaendelea kufikicha kola. "Umemwambia mwalimu?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

Nikamweleza kuhusu karatasi na kalamu. Akaacha kufua, akanitazama, na nikaona usoni mwake kitu ambacho hakikuwepo tangu Jumanne ile ya bwawani: matumaini. Povu linamtiririka mkononi.

"Umejitoa?"

Nikasema hapana.

Akalikamua shati lile mpaka tone la mwisho. Akalitikisa, akalitundika, akainyoosha mikono ya shati vizuri kwenye kamba.

"Basi ulikuja kunieleza nini?" akasema, akaingia bwenini.

Huo ni mwaka wa pili sasa. Mimi nimesoma vyuma. Najua kuchonga shafti kwa mashine, na kila ninayoichonga naona ingekuwa nzuri zaidi mikononi mwa mwingine. Yeye amesoma kilimo, na ni wa kwanza katika kilimo. Pampu ya kwao, niliuliza mwezi uliopita, bado imekufa. Akinikuta njiani ananiamkia kama anavyomwamkia kila mtu, "Habari ya asubuhi, Mutua," kwa ukamilifu, bila kupunguza neno wala kuongeza. Angenitukana ningeshukuru.

Kwa hiyo nasaha yangu si ndefu, na wewe uliyevunja ubapa wa msumeno ndiye ninayekuambia kwanza, wengine mnasikiliza. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajaandikwa popote kwa kosa lako. Siku hiyo kweli ni rahisi: ni fedheha ya dakika tano na ufagio. Ukiiacha ikalala, bei yake inapanda, na utafika mahali ambapo bei yake ni kiti chako mwenyewe, na hapo, nakwambia mimi niliyefika, hutakitoa. Usijidanganye kwamba utakuwa jasiri kesho. Aliyeogopa ufagio ataogopa zaidi ya ufagio.

Na mzaha, endelea nao, sijakukataza. Shule bila mzaha ni gereza lenye ubao. Lakini ukiona mwenzako anataka kuuliza swali na wewe unalijua jibu lake, usimchekeshee watu. Mwache amalize kuuliza. Kisha mjibu.

Mwalimu Charo yuko ofisini mpaka saa kumi leo. Nimeuliza. Mlango uko wazi na yule wa Lungalunga bado hajaandikwa popote.

Nenda, mwanangu. Mungu akufanye mzito wa ulimi unapotaka kuchekesha juu ya mgongo wa mtu, akufanye mwepesi unapotakiwa kukiri, akujaalie rafiki atakayekuuliza swali mara ya pili ukimkatiza ya kwanza. Na akuepushe na uzee wa namna hii yangu, unaompata mtu kabla hajamaliza shule. Amina.